Kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Wapo wazazi wanaomlaza chali mtoto mwenye mtindio wa ubongo na kumnywesha uji kwa kiganja huku analia. Hufanya hivyo kwa huruma, wakihofia asilale na njaa. Hata hivyo njia hiyo ni ya hatari.

Misuli ya mdomo na koo ya mtoto huyu haitii ubongo sawasawa. Akilala chali, kichwa kikaangukia nyuma, uji huteremkia njia ya hewa na kuingia mapafuni. Hapo ndipo huanza nimonia za mara kwa mara, ambazo majumbani husemwa ni baridi tu.

Mkalishe wima, au mpakate kama hana kiti, kichwa kikiinama mbele kidogo. Keti mbele yake akuone. Mpe nusu kijiko, subiri ameze, ndipo uongeze. Uji uwe mzito kiasi na wali upondwe. Maji na chai humpalia upesi zaidi. Mlo mmoja waweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo baba na dada zake nao wajifunze. Kazi hii si ya mama peke yake!

Akimaliza, abaki wima dakika 30, na kinywa kisafishwe, maana mabaki na vijidudu vya mdomoni navyo hufika mapafuni.

Akiwa hukohoa kila anapokula, sauti yake ina majimaji, au anazidi kukonda, mpeleke hospitali bila kungoja homa.