Uso Wako Usiuachie Filta

Wiki hii nimeulizwa swali lilelile kwa maneno tofauti: "Dada, mbona kwenye picha natoka giza, macho hayaonekani, mpaka niweke filta ndipo nafanana na mtu?"

Filta haikufananishi na mtu, mdogo wangu. Inakufananisha na wenzako wote waliotumia filta hiyohiyo: kidevu kimechongwa, ngozi haina hata kinyweleo, rangi imechujwa kama chai iliyozidishwa maziwa. Shangazi yako akiiona anauliza huyu ni nani. Na mara nyingi hukuichagua hata wewe, kwa sababu simu kadhaa hutoka dukani hali ya urembo ikiwa imeshawashwa kwenye kamera ya mbele. Fungua kamera yako uitafute, uizime.

Sasa hilo giza linatoka wapi? Kamera haijui kama iko mbele ya bibi harusi au mbele ya tangi la maji. Inapima mwanga wa eneo lote, kisha inatafuta wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe au ukilipa mgongo dirisha, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Ukuta unatoka vizuri, wewe unazama. Simu za siku hizi hujitahidi kuutafuta uso zenyewe, ila usizitegemee sana. Gusa uso kwenye kioo kwa kidole. Kwenye simu nyingi patatokea alama ya jua pembeni. Isukume juu taratibu hadi uone mashavu na kope. Ukuta nyuma utapauka kidogo. Uache upauke, hakuna aliyekuja kuutazama.

La pili ni saa. Kwetu Afrika Mashariki, ikweta ikiwa jirani, jua la saa sita mchana linakaa utosini, na kivuli cha paji la uso kinaangukia machoni. Asubuhi mpaka kama saa tatu, au kuanzia saa kumi na nusu jioni, mwanga unakuja kwa ubavu na ngozi yetu inang'aa yenyewe. Sherehe ikiwa ni saa saba mchana, ingia barazani, usimame ukingoni mwa kivuli, uso ukitazama nje. Chini ya mti wenye majani machache usikae, utatoka na madoa ya jua kama chui.

Kuhusu pua, maana nalo linaulizwa kwa siri: pua yako haina kosa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikadiria kuwa picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na picha ya mita moja na nusu. Na mkono wa selfi hauendi mbali. Egemeza simu kwenye kikombe, weka saa ya kuhesabu, rudi nyuma hatua mbili. Na kabla ya hapo futa lenzi kwa kitambaa laini. Ule ukungu unaouona kwenye picha mara nyingi ni mafuta ya vidole tu.

Kuediti sikukatazi. Mimi natumia Snapseed, ni ya Google na haina malipo. Ninachokipenda humo ni kile chombo cha nukta: unaweka nukta shavuni, unapanua duara lake kwa vidole viwili, kisha unaongeza mwanga hapo tu bila kuunguza gauni. Anza kwa kukata pembeni na kunyoosha picha, kisha inua vivuli kidogo, basi. Usiediti kitandani usiku kioo kikiwa kimefifizwa. Utaongeza mwanga kupita kiasi, na asubuhi utakuta umejipaka unga.

Nyinyi mnaouza vitenge na magauni kwenye stetasi, nawasihi. Pelekeni nguo mlangoni, mwanga wa mchana uiangukie, na taa ya ndani izimwe, kwa sababu taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa nje, kitambaa kimoja kinatoka rangi mbili. Kisha msikoleze rangi. Mteja aliyeona jekundu akapokea damu ya mzee hatakuelewa, na safari hii kosa ni lako.

La mwisho ni kutuma. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, ndiyo maana inafika imefifia. Chagua HD kabla ya kutuma, au itume kama faili. Lakini faili huenda na kila kilichoandikwa ndani yake, pamoja na mahali ulipopigia ikiwa kamera yako inaruhusiwa kujua eneo. Picha uliyojipiga chumbani inaweza kumwonyesha usiyemjua nyumba unayolala. Ingia kwenye mipangilio, uizuie kamera kusoma eneo, na ufanye hivyo leo kabla hujamtumia mtu yeyote picha nyingine.