Gereza, Ngome na Makumbusho: Historia ya Usanifu wa Fort Jesus, Mombasa, na Ushahidi wa Neno "Gereza"

1.0 Utangulizi

Majengo ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki huelezwa kwa kawaida kwa kutaja waliyoyajenga na mwaka yalipojengwa. Maelezo ya namna hiyo yana manufaa, lakini huficha jambo la msingi, kwamba jengo huendelea kuandikwa upya na kila anayelitumia. Makala haya yanachunguza historia ya usanifu wa Fort Jesus ya Mombasa, jengo lililoanza kama ngome ya Wareno, likawa jela ya serikali ya kikoloni kati ya mwaka 1895 na 1958, kisha likafunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Pamoja na ushahidi wa mawe, makala yanatumia ushahidi wa lugha, hususan historia ya neno "gereza". Hoja inayotetewa ni kwamba kipindi cha jela ni tabaka halali la historia ya jengo hili, na kwamba tabaka hilo limehifadhiwa na lugha kwa uaminifu zaidi kuliko lilivyohifadhiwa na wahifadhi wa majengo.

2.0 Ngome ilivyosanifiwa

Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1593, wakati taji la Ureno lilipokuwa chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Msanifu wake alikuwa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwatumikia Wareno huko Goa. Ngome ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari, na sehemu za chini za kuta zake ni mwamba wenyewe uliochongwa. Mchoro wake unafuata nadharia ya usanifu ya Italia ya karne ya 16, iliyotaka jengo lilingane na uwiano wa mwili wa binadamu. Pembeni kuna buruji nne zenye majina ya watakatifu: São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias. Kila buruji imewekwa ili walinzi wake waweze kuulinda kwa risasi ukuta wa buruji jirani, na upande wa bara kulichimbwa handaki.

Uani kulikuwa na kanisa, nyumba ya kapteni, kambi za askari na hifadhi za maji. Kanisa hilo lina umuhimu wa pekee katika mjadala unaofuata.

3.0 Mabadiliko ya watawala, mabadiliko ya kuta

Ngome haikubaki kama Cairati alivyoichora. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, aliwaasi na kuiteka. Wareno waliporejea waliikarabati, na maandishi ya mwaka 1639 juu ya lango yanathibitisha kazi hiyo. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira, na mzingiro ule ulidumu hadi Desemba 1698 ngome ilipoanguka. Ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 1728 hadi 1729, Wareno hawakuitawala tena.

Chini ya Waomani na baadaye Mazrui, jengo lilipata sura mpya. Kuta ziliinuliwa, minara ikaongezwa, na nyumba za kuishi zikajengwa ndani. Nyumba ya Kiomani iliyo kwenye buruji ya São Filipe ni kielelezo kimojawapo. Baada ya Sayyid Said kuwashinda Mazrui mwaka 1837, ngome ikawa hasa kambi ya askari. Mwaka 1875 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ili kuuzima uasi wa Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la al-Akida. Miaka 20 baadaye Waingereza hao hao walitangaza himaya yao na kuigeuza ngome kuwa jela.

4.0 Ukuta uliogeuzwa mwelekeo

Kwa mtazamo wa usanifu, ngome na jela zina mahitaji yanayofanana: ukuta mrefu, lango linalodhibitiwa, na uwanja ulio wazi ambamo kila mtu huonekana. Ndiyo maana serikali ya kikoloni haikuhitaji kujenga kuta mpya. Kilichobadilika ni mwelekeo wa ulinzi. Ukuta wa ngome umesanifiwa kumzuia aliye nje asiingie, na matundu ya mizinga hutazama baharini na bara. Ukuta wa jela humzuia aliye ndani asitoke, na mlinzi wake huupa bahari mgongo. Jiwe ni lile lile. Maana yake imepinduka.

Jambo hili halikutokea Mombasa pekee. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, ilitumiwa kama jela kuanzia mwaka 1910 hadi 1984, kisha ikakabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ngome Kongwe ya Unguja nayo iliwahi kuwa jela katika karne ya 19. Ngome tatu katika miji mitatu zilipitia njia moja. Mfululizo huu unadai maelezo, na sehemu ya maelezo hayo imo katika lugha.

5.0 Ushahidi wa neno "gereza"

Rai iliyoenea miongoni mwa wataalamu wa etimolojia ya Kiswahili ni kwamba neno "gereza" linatokana na neno la Kireno "igreja", yaani kanisa. Mabadiliko ya kifonolojia hayana utata. Kwanza, irabu ya mwanzo imedondoshwa. Pili, irabu /e/ imechopekwa kati ya /g/ na /r/ ili kuvunja mfuatano wa konsonanti usiokubalika katika silabi ya Kiswahili. Tatu, kikwamizo ghuna cha kaakaa-ufizi, ambacho hakimo katika mfumo wa sauti za Kiswahili, kimechukuliwa na /z/. Mkazo umebaki kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pake katika lugha zote mbili. Hatimaye neno limeingizwa katika ngeli ya "ji-/ma-": gereza, magereza.

Kinachohitaji kufafanuliwa ni maana: kanisa limekuwaje kifungo? Jibu linapatikana katika ramani ya majengo yenyewe. Katika Fort Jesus kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Huko Unguja, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Jina la sehemu likawa jina la jengo zima, uhamishaji wa maana ambao ni wa kawaida katika taashira. Kilwa Kisiwani hadi leo ngome iliyoko ufukweni huitwa Gereza, ijapokuwa ni magofu yasiyomfunga mtu. Huko neno limesimama katika hatua ya pili ya safari yake, yaani "ngome".

Hatua ya tatu, kutoka "ngome" hadi "mahali pa kufungia watu", inafuata matumizi ya ngome hizo. Aidha, nafasi ya "kanisa" ilikwisha kujazwa na neno lenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo "gereza" halikuwa na sababu ya kurudi kwenye maana yake ya asili. Leo neno hili ndilo linalotumika rasmi katika majina ya idara za serikali, ilhali "jela", lenye asili ya Kiingereza, limeenea zaidi katika mazungumzo ya kawaida. Wareno walileta neno, Waomani wakalipa mahali, na Waingereza wakalikuta tayari linawafaa.

6.0 Uhifadhi na usahaulifu

Mwaka 1958 jela ilifungwa na ngome ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa msaada wa fedha wa Wakfu wa Calouste Gulbenkian, James Kirkman aliongoza uchimbuzi na ukarabati uliofanikisha kufunguliwa kwa makumbusho mwaka 1960. Kazi hiyo ilifichua misingi ya kanisa na mabaki ya nyumba za Wareno na za Waomani. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Hata hivyo, kila uchimbuzi ni uteuzi. Ili karne ya 17 ionekane, majengo ya jela yaliyokuwa uani yaliondolewa. Uamuzi huo unaeleweka kwa kuzingatia wakati wake: mwaka 1958 jela haikuwa historia, ilikuwa jana. Lakini miaka 63 ya kifungo si muda mdogo katika jengo ambalo Wareno walilishika kwa takribani miaka 105 kabla ya kushindwa mwaka 1698. Mgeni anayetembea uani leo hukuta kwa wingi habari za makapteni na masultani waliopigania lango, na kwa uchache habari za watu waliofungiwa nyuma yake. Wengi wa watu hao walikuwa wenyeji wa nchi.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa mawe, maana mawe yameondoka. Linaweza kuzibwa kwa masimulizi, nayo yana muda wake. Askari jela aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1958 sasa amevuka miaka 80. Huko Lamu, ambako jela ilifungwa mwaka 1984, mashahidi ni wengi zaidi na kazi ya kukusanya kauli zao ni nyepesi zaidi. Inafaa ianze huko na huku kwa pamoja.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Fort Jesus iligeuzwa jela bila kubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika kuta zake, kwa sababu usanifu wa kuzuia hutumika kwa pande zote mbili. Yameonesha pia kwamba neno "gereza" linabeba hatua tatu za historia ya majengo ya aina hii: kanisa, ngome na kifungo. Makumbusho yamechagua kuonesha mbili za kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili, kila atamkapo neno hilo, huitaja ya tatu. Ni wajibu wa wanahistoria, wanaisimu na wahifadhi kushirikiana ili yale ambayo lugha imeyatunza yapate nafasi yake ndani ya kuta pia.