Meli mbili, vita mbili: namna Marekani ilivyotoka ng'ambo (1898–1917)

Somo kwa wanafunzi wa darasa ya tano na ya sita, na kwa kila mtu mwenye kupenda historia



Juma lililopita nilikuwa nasaidia wadogo wa darasa ya tano kurudilia historia. Nikawauliza: "Juu ya nini Marekani ilipiga vita na Hispania katika mwaka 1898?" Wakajibu pamoja: "Juu ya meli Maine!" Nikauliza tena: "Na juu ya nini iliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza?" Wakajibu: "Juu ya meli Lusitania!" Sikuwacheka, maana mimi mwenyewe mwaka jana niliandika vile vile katika interogasio, nikapata 4 juu ya 10. Mwalimu aliandika kwa biki nyekundu: "Hii ni cheche. Kuni ziko wapi?" Somo hili ni jibu langu kwake, hata kama nimechelewa.

1. KUNI ZA 1898

Kwa miaka mingi Wamarekani walikuwa wakijaza inchi yao wenyewe, toka bahari moja mpaka nyingine. Kufika 1890, kazi ile ilikuwa karibu kwisha. Viwanda vyao vilitoa vitu vingi sana, na katika 1893 shida kubwa ya feza iliangusha mabanki na kunyima watu kazi. Wakubwa wengi wakaanza kusema: "Tutafute masoko ng'ambo."

Katika mwaka ule wa 1890, afisa mmoja wa manowari, Alfred Thayer Mahan, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba taifa lenye nguvu baharini ndilo lenye nguvu duniani. Lakini manowari za siku zile zilitembea kwa makala ya mawe, basi zilihitaji vituo njiani. Ndiyo maana visiwa vidogo vikapata bei kubwa. Huko Hawaii, katika Januari 1893, wenye biashara na mashamba ya sukari walimwondoa Malkia Liliuokalani, na askari wa manowari ya Marekani walikuwa wameshuka mjini.

Tena kulikuwa Kuba. Toka 1895 Wakuba waliasi utawala wa Hispania. Wahispania wakakusanya watu wa vijiji ndani ya kambi, na wengi sana wakafa kwa njaa na magonjwa. Wamarekani wengi waliwahurumia kweli, tusiwaseme vibaya wote. Lakini wengine walikuwa na feza yao katika sukari ya Kuba. Na magazeti ya New York, ya Hearst na ya Pulitzer, yalishindana kuuza habari za kutisha. Kuni zilikuwa zimekauka tayari.

2. CHECHE YA KWANZA

Usiku wa 15 Februari 1898, manowari Maine ya Marekani ilipasuka katika bandari ya Havana. Watu karibu 260 wakafa. Mbele ya uchunguzi kwisha, magazeti yalikuwa yamekwisha kutaja mwenye kosa: Hispania. Katika Aprili vita ikaanza. Lakini katika 1976 Admirali Rickover wa Marekani, pamoja na wataalamu wake, walichungua tena habari ile, wakaona kwamba inawezekana sana moto ulianzia ndani ya meli yenyewe, katika makala ya mawe yaliyowekwa karibu na baruti. Wataalamu wote hawajapatana mpaka leo. Hata hivyo, vita haikungoja wapatane.

Hapa ninapaswa kuungama kitu. Mwaka jana moshi ulitoka katika stoo ya makala ya jikoni. Mwanafunzi mmoja wa darasa ya nne alikuwa amegombana na mpishi siku ile ile. Wote tukasema: "Ni yeye!" Mimi kama kapita nikaandika jina lake, akarudishwa kwao juma mbili, akakosa masomo na interogasio mbili. Kisha mpishi mwenyewe akakumbuka kwamba alikuwa amemwaga makala mbele ya kupoa kabisa. Nilimwomba yule ndugu radhi, akanisamehe, lakini zile juma mbili sikuweza kumrudishia. Toka siku ile, nikisoma habari ya Maine, siisomi kama habari ya watu wengine.

3. MATUNDA YA VITA ILE

Vita yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 1 Mei 1898 Dewey aliharibu manowari za Hispania huko Manila kwa asubuhi moja. Katika Julai Marekani ikatwaa Hawaii. Katika Desemba, kwa mapatano ya Paris, ikapata Puerto Rico, Guam na Ufilipino. Juu ya Ufilipino ililipa Hispania dolari milioni 20.

Ebu tazameni. Walisema wanaenda kufungua Wakuba. Lakini Wafilipino, ambao kiongozi wao Aguinaldo alikuwa ametangaza uhuru tarehe 12 Juni 1898, hawakuulizwa. Toka Februari 1899 wakapigana na Wamarekani waliowaona kwanza kama rafiki. Wamarekani zaidi ya 4000 walikufa, na Wafilipino wengi kupita hao mara nyingi, zaidi sana raia waliokufa kwa njaa na kolera. Uhuru wao ulifika tarehe 4 Julai 1946. Kuba nayo ilipata uhuru katika 1902, lakini wenye sharti: Marekani iliweza kuingia tena wakati itakapoona vema. Sharti hilo liliondolewa katika 1934.

4. KUNI NA CHECHE ZA 1917

Vita Vikuu vilipoanza katika 1914, Rais Wilson alisema Marekani haitakuwa upande wowote. Lakini biashara yake ilikuwa upande mmoja. Manowari za Uingereza zilifunga njia ya Ujerumani, basi ngano, pamba na silaha vilienda zaidi kwa Uingereza na Ufaransa. Mpaka mwanzo wa 1917 Wamarekani walikuwa wamewakopesha hao zaidi ya miliari mbili za dolari. Mtu hapendi mdeni wake ashindwe.

Tarehe 7 Mei 1915 Wajerumani walizamisha Lusitania, meli ya Waingereza. Watu karibu 1200 walikufa, kati yao Wamarekani 128. Meli ile ilibeba abiria, lakini ilibeba risasi pia. Sasa hesabuni ninyi wenyewe: Marekani iliingia vita tarehe 6 Aprili 1917. Kama Lusitania ilitosha kuwa sababu, juu ya nini walingoja miezi 23?

Walingoja kwa sababu Ujerumani iliahidi katika 1916 kwamba haitazamisha tena meli za biashara bila kuonya. Tarehe 1 Februari 1917 ikavunja ahadi, ikitumaini kushinda Uingereza kwa njaa mbele ya Wamarekani kufika. Kisha ikajulikana barua ya simu ya waziri Zimmermann, aliyeahidi kusaidia Mexico kurudisha Texas, New Mexico na Arizona kama ikipigana na Marekani. Katika Machi meli za Marekani zikazamishwa. Hizo ndizo cheche za karibu. Katika baraza la wajumbe 373 walikubali vita na 50 walikataa. Kati ya waliokataa alikuwa Jeannette Rankin, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi.

Wilson alisema wanapigana ili demokrasia iwe salama duniani. Neno zuri. Lakini siku ile Ufilipino ilikuwa chini ya bendera yao, na askari wao weusi walitengwa katika vikosi vyao, wengi wakipewa kazi ya kubeba mizigo. Sisi wa Kongo tunaelewa, maana wazee wetu walikuwa wamekwisha kupigana na kubeba mizigo mpaka Tabora katika Septemba 1916. Nyuma ya vita, Ruanda-Urundi ikapewa Ubelgiji. Wenyeji hawakuulizwa.

MWISHO

Ndugu zangu, sisemi kwamba maneno ya uhuru yalikuwa uongo mtupu. Askari wengi waliyaamini, na Wamarekani zaidi ya 116.000 walikufa katika vita ile, wengi wao kwa ugonjwa. Ninasema tu: wakiwaonyesha cheche, tafuteni kuni. Na mtu akisema anapigania uhuru, tazameni nani haulizwi. Fanyeni hivyo katika egzameni ya Serikali, na fanyeni hivyo katika nyumba ya kulala, mbele ya kuandika jina la mwenzenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu mbili za mbali na moja ya karibu za vita ya 1898.
2. Juu ya nini visiwa vilikuwa na faida kwa manowari?
3. Eleza mambo yaliyotokea kati ya Mei 1915 na Aprili 1917.
4. Je, mtu anaweza kuwa bila upande kama biashara yake iko upande mmoja? Jadilianeni.

Kapita wa wanafunzi, darasa ya sita