Michezo ya Video na Utangamano wa Vijana: Mchezaji, Mtazamaji na Mahali

Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali linalozushwa mara kwa mara na wazazi na walimu: je, michezo ya video humfanya kijana awe mtu wa watu au humtenga na wenzake? Mazingira yanayorejelewa ni ya Turkana, hususan Namoruputh, kituo cha biashara katika eneo la Loima, magharibi mwa Lodwar, pamoja na Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992. Hoja kuu ni kwamba jibu halimo katika mchezo wenyewe, bali katika watu wanaouzunguka na mahali unapochezewa.

Mchezo na watazamaji wake

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga. ‘Kucheza na mtu’ si sawa na ‘kumchezea mtu’. Usemi wa kwanza hudai mwenza. Wa pili humgeuza mwenza kuwa chombo. Wazee wa jamii za wafugaji hucheza bao la vishimo vilivyochimbwa ardhini, chini ya mti. Wachezaji ni wawili, lakini waliopo ni wengi: wapo wanaohesabu kete, wanaokosoa, wanaotaniana na wanaopashana habari za mvua na malisho. Watazamaji wakiondoka, mchezo hubaki ila baraza hufa.

Chumba cha michezo ya video mjini hufuata utaratibu uo huo. Runinga ni moja, wachezaji ni wawili, wanaosubiri ni wengi. Aghalabu anayefungwa humpisha mwingine. Hapo kijana hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila ugomvi na kutania bila kutukana. Katika mji kama Kakuma, unaowakutanisha Waturkana na wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, faida hiyo si ndogo. Zamu haiulizi kabila wala uraia, na Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kuamulia goli lililozua ubishi.

Kujuana na kufaana

Hali hubadilika mchezo unapohamia katika simu ya mtu binafsi. Mwaka 2006, Constance Steinkuehler na Dmitri Williams wa Marekani walieleza kuwa michezo ya intaneti inaweza kuwa ‘mahali pa tatu’. Dhana hiyo ya Ray Oldenburg (1989) inahusu mahali pa kukutania nje ya nyumbani na kazini. Mswahili angepaita baraza au kijiwe. Watafiti hao waliona kuwa michezo hiyo huwaunganisha watu wa asili mbalimbali, lakini kwa kawaida haitoi tegemeo la ndani la kihisia. Kwa maneno mengine, hujenga kujuana kuliko kufaana. Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwenza wa mtandaoni anaweza kumsifu kijana wa Namoruputh kwa ushindi wake, lakini hawezi kumsaidia kutafuta mbuzi waliopotea wala kuketi naye matangani.

Hata hivyo, si kila anayecheza peke yake ni mgonjwa. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, linatambua uraibu wa michezo hiyo. Vigezo vyake si idadi ya saa, bali ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine na kuendelea nao licha ya madhara.

Upo pia mfano wa mchezo uliozaliwa kambini. Lual Mayen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliyelelewa katika kambi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kuunda michezo kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba kwa miaka 3. Mchezo wake, Salaam, humweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia vita akitafuta maji na chakula. Jina hilo lina asili moja na neno la Kiswahili ‘salamu’, na salamu ndiyo mlango wa utangamano.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba skrini inayotazamwa na wengi hukusanya, na skrini ya mmoja huelekea kutenga. Lakini chumba cha michezo nacho kina kizingiti: asiye na shilingi hubaki nje, na mara nyingi wanaokijaza ni wavulana. Kwa hiyo, badala ya kupiga marufuku, wazazi, walimu na viongozi wa vijana wanapaswa kuuliza maswali matatu: Nani anatazama? Nani anangoja zamu? Nani hakuruhusiwa kuingia? Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa kuwa baraza linalowafungia wengine nje halijawa baraza.