Kesi si kitabu

Swali: Naandika tasnifu ya sheria na marejeo nayatunza kwa Zotero. Mbona kesi zinatoka kwenye tanbihi kama vitabu?

Jibu: Karibu kila mara kosa liko kwenye aina ya rekodi. Ibadilishe iwe kesi. Vitatokea visanduku vya mahakama, mkusanyo wa hukumu, juzuu, ukurasa wa kwanza na tarehe ya uamuzi. Wadaawa wote wakae kwenye jina la kesi, kamwe wasiwekwe kwenye mwandishi.

Chukua Donoghue v Stevenson [1932] AC 562. AC ni mkusanyo, 562 ukurasa, 1932 tarehe. Juzuu iache tupu. Mabano usiyaandike kwa mkono, maana mtindo wa OSCOLA huyaweka wenyewe, nawe utayapata mara mbili.

Kesi ya BBI ya Kenya, [2022] KESC 8 (KLR), haina mkusanyo wala ukurasa. KESC iweke kwenye mahakama, 8 kwenye namba ya shauri. Ile KLR ya mwishoni mtindo huo wa Uingereza hauijui, basi ifuatishe namba 8 katika kisanduku hichohicho, na mabano yake.

Kabla hujamkabidhi msimamizi kazi, tafadhali linganisha kila tanbihi na hukumu yenyewe.