SOMO: Orodha ya takisi ni ya watu wote, lakini haifiki kwa bariyeri



Tuseme koperative inapeleka magunia kumi ya maharage sokoni. Katika njia kuko bariyeri tatu, na kwa kila moja munaombwa franka. «Ni sheria», wanasema. Sheria gani? Dereva hajui, na mwenye mzigo hajui. Munalipa, na ile pesa inatoka kwa bei ya kilo.

Basi mujue: orodha iko. Tarehe 13/3/2018 serikali ilitoa amri mbili zenye nguvu ya sheria. Namba 18/003 inataja takisi za serikali kuu. Namba 18/004 inataja takisi za provensi, pamoja na za mji, komini, sekta na sheferi. Katiba nayo, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari.

Sasa, juu ya nini orodha haitufikie? Kwanza, imeandikwa kwa Kifaransa cha wanasheria, hata kama katiba inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Kuisoma kwa intaneti kunataka rezo na mega za simu. Tena, orodha inataja majina ya takisi, lakini haitaji franka ngapi: bei zinawekwa kwa barua zingine za serikali na za provensi. Mtu anaweza kuwa nayo mkononi na bado akadanganywa. Na tuseme wazi: kuko watu wanaokula kwa sababu sisi hatujui.

Lakini kizuizi kingine kinatoka kwetu. Agronomu akiuliza hekta ngapi, wengi wanapunguza, wakiogopa takisi. Ile hesabu ya uongo inapanda teritware, inapanda provensi, na siku ya kugawa mbegu inarudi kwetu ikiwa ndogo vilevile. Inchi yetu haijahesabu watu wake wote tangu mwaka 1984. Kwa hiyo hesabu ndogo za mashamba zina uzito kuliko tunavyofikiri.

Cha kufanya: komite iandike barua kwa ofisi ya sekta ao sheferi, iombe orodha ya takisi zinazogusa mazao yenu, pamoja na franka za kila moja, kwa maandishi. Muulize pia kama kuko mabadiliko mapya. Mubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Sekretere asitafsiri kitabu chote. Mistari ya maharage, kahawa ao muhogo inatosha. Aisome katika mkutano, kisha ibandikwe kwa mlango wa depo.

Kwa bariyeri muombe kitansi kila mara. Wakikataa, na zaidi wakiwa na silaha, musibishane. Mukifika, muandike katika kaye: tarehe, mahali, jina la serivisi, franka ngapi. Kaye moja kwa koperative yote, isibaki kwa dereva.