Injinia Gibb na Ukuta wa Jinja

Yeyote kati yetu aliyesafiri kwa gari kutoka huku Kinyamaseke kwenda Nairobi kabla ya Oktoba 2018 huenda alipita juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, pale Jinja, ambalo siku hizi laitwa Nalubaale. Mimi nilipita mara ya kwanza nikiwa mtoto, nimepakatwa na mjomba ndani ya basi. Nikamwuliza, "Mjomba, nani aliyejenga hapa?" Akanijibu, "Mzungu." Jibu hilo lilinitosha kwa miaka mingi, mpaka siku daraja letu lilipochukuliwa na maji.

Daraja lenyewe lilikuwa dogo, la magogo na mawe, juu ya kijito ambacho watoto hukivuka kwenda shule. Mimi ni fundi mwashi, na nguzo zake nilizijenga kwa mikono yangu wakati wa kiangazi, maji yakiwa hayafiki magotini. Mvua za kwanza tu, tukaamka tukakuta kingo mbili na katikati hakuna kitu. Bahati nzuri ilikuwa Jumapili. Aibu ile ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu.

Basi nikamkuta yule Mzungu wa mjomba. Ni Sir Alexander Gibb, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1872. Ukoo wao ulikuwa wa wajenzi. Baba wa babu yake, John Gibb, alifanya kazi chini ya Thomas Telford. Huyo Telford nisimpite bila neno: alikuwa mtoto wa mchungaji wa kondoo, akafiwa na baba angali mchanga, akaanza kwa kujifunza uashi, na mwisho akajenga daraja la kuning'inia la Menai, lililofunguliwa mwaka 1826. Gibb aliandika kitabu juu ya maisha yake, kikatoka mwaka 1935. Ninyi mnaodharau mwiko na pimamaji, rudini msome habari hiyo mara ya pili.

Gibb alijifunza kazi kwa Sir John Wolfe Barry, injinia wa Tower Bridge ya London, kisha akashiriki kujenga bandari ya manowari ya Rosyth. Mwaka 1922 alianzisha kampuni yake ya mainjinia washauri. Mwaka 1936 likafunguliwa daraja lao la Kincardine, ambalo sehemu yake ya katikati ilizunguka kupisha meli.

Kampuni hiyo ndiyo iliyosanifu bwawa la Jinja. Lakini Malkia Elizabeth alipolifungua tarehe 29 Aprili 1954, Gibb alikuwa mzee wa miaka 82. Si yeye aliyepanda majukwaani. Hesabu zilipigwa na mainjinia wa kampuni yake, na zege likamwagwa kwa mikono ya vibarua wengi wa Kiafrika. Jibu la mjomba lilikuwa pungufu.

Sasa tuingie katika somo. Ukuta wa Jinja wasimama kwa uzito wake. Maji huusukuma, na kadiri unavyoshuka chini ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi. Asiyesadiki atoboe debe matundu matatu, juu, katikati na chini, kisha alijaze maji: atayaona ya chini yakitoka kwa nguvu kuliko yote. Kwa hiyo ukuta hujengwa mpana chini na mwembamba juu. Urefu wake ni mita 831, na kimo chake mita 31 hivi. Hata hivyo uzito peke yake hautoshi, sharti maji yapewe njia. Pale yana mitambo kumi ya umeme, tena milango sita ya kufunguliwa yanapozidi.

Hapo nikaliona kosa langu. Mimi nilikipima kijito siku moja. Ziwa Viktoria lilikuwa likipimwa tangu mwaka 1896, zaidi ya miaka hamsini kabla ya kazi kuanza, na bado likawashangaza wataalamu: kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili. Milango ikafunguliwa, ukuta ukasimama. Mei 2020 likafika tena kimo kile. Mwezi huo huo, huku kwetu, Nyamwamba ilishuka na mawe yake kutoka Rwenzori, ikaharibu hospitali ya Kilembe, kama ilivyofurika Mei 2013.

Daraja letu tumelijenga upya. Safari hii sikuanza na mawe, nilianza na wazee, kuwauliza maji yaliwahi kufika wapi. Bibi mmoja alinionyesha mwembe ulio mbali na kingo, akasema mwaka mmoja mbuzi aliyefungwa pale alisombwa. Nilicheka moyoni, kisha nikapima kutoka mwembeni. Nguzo nimezisimika juu ya mwamba, na nafasi ya maji nimeipanua mara tatu. Vijana wamepaka alama za rangi kwenye nguzo moja, na kila baada ya mvua mmoja wao huenda kuandika maji yamefika alama ipi. Daftari analo mwalimu wa hesabu. Lina misimu minne sasa.